Onyesha Sarafu

Mtaani kwetu tulimwita Refa. Hata nesi wa kliniki, ambaye kadi yenye jina kamili ilikuwa mkononi mwake, alichungulia mlangoni na kusema, "Refa, ingia." Lakini urefa ulikuwa kazi yake ya Jumamosi tu. Siku nyingine zote alikuwa fundi taipureta, na taipureta zimekwisha. Zilizobaki zimepangwa sebuleni kwake chini ya vitambaa vilivyofumwa na mkewe, na kila mwisho wa mwezi huzifunua na kuzitia mafuta, utadhani kesho yupo karani atakayekuja kuichukua yake.

Alichezesha mechi zote za maana za mji wetu, enzi zile refa alikuwa na filimbi, macho yake na miguu yake, basi. Hawa wa leo wakiona jambo wanakimbilia kwenye televisheni kuuliza wameona nini.

Mtu huyu aliishi na maneno mawili yaliyomkwama kooni kama mwiba wa samaki. Maneno yenyewe ni haya: onyesha sarafu.

Ilikuwa fainali ya kombe la mji. Uwanja ulikuwa hapo hapo penye bustani ya manispaa, kabla hawajaweka mabembea na maua yasiyonukia. Mtaa wa juu na mtaa wa chini walitoka sare, wakaongezewa muda, wakatoka sare tena. Mvua ilikuwa ikinyesha na uwanja umekuwa uji. Kupigiana penalti kulikuwa bado hakujafika kwetu. Sheria ilisema refa arushe sarafu, na atakayeibashiri sawasawa achukue kombe.

Sarafu ya Refa haikuwa ya kuazima. Ilikuwa ya shaba, nzito kiganjani, upande mmoja kichwa cha mtawala wa zamani na upande wa pili ndege. Manahodha wajanja walikuwa na tabia ya kuja na sarafu zenye vichwa huku na huku, kwa hiyo Refa alichomoa herufi ya chuma kwenye taipureta mbovu, akaipigilia kwa nyundo chini ya mkia wa ndege. Herufi R, ndogo, safi kama ya barua ya serikali. Hakuna mtu mjini aliyeweza kuiga kitu hicho.

Nahodha wa mtaa wa chini aliita ndege. Sarafu ikapaa, ikazunguka, ikatua matopeni. Refa akainama, akaona kichwa, akanyoosha mkono upande wa mtaa wa juu. Kabla hajaiokota, mashabiki wa mtaa wa juu wakamwagika uwanjani na kurukaruka juu ya mahali pale pale kama waliolipwa kulishindilia tope. Walipotawanyika, sarafu haikuonekana. Nahodha aliyeshindwa aliapa kwamba ameona ndege kwa macho yake mawili. Akamsogelea Refa, maji ya mvua yakimchuruzika puani, akasema, "Onyesha sarafu."

Refa hakuwa na cha kuonyesha.

Mambo yangeishia pale, isipokuwa nahodha yule alikuwa kaka wa mke wa Refa.

Kapteni, maana jina hilo hakulivua hata alipovua viatu vya mpira na kuwa fundi wa kushona viatu vya wenzake, aliapa kwamba hatakaa kwenye nyumba ya mwizi wa kombe. Msinielewe vibaya. Hakuacha kwenda. Alimpenda dada yake, alienda karibu kila wiki, ila hakukaa. Alisimama juu ya zulia dogo la mlangoni, akaweka kikombe cha chai dirishani, akanywa, akauliza habari za watoto, akaaga. Harusi za wapwa zake zote aliziona amesimama wima kama mlinzi. Refa akisema, "Shemeji, karibu kiti," yeye alijibu, "Onyesha sarafu." Watoto wa mtaa walilichukua neno hilo, wakawa wanaambiana hivyo kila mmoja akihisi mwenzake anaongopa. Siku hizi watu wakikosana, mmoja anamfungia mwenzake simu na ugomvi unakufa kabla haujajifunza kutembea. Zamani ugomvi ulitunzwa, ukalishwa, ukakua, ukaoa.

Dada mtu alimwekea kaka yake kiti karibu na dirisha. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kwa kuwa hakikaliwi, alikitumia kuwekea nguo zilizopigwa pasi.

Kisha magoti ya Kapteni yakaanza kumsaliti. Siku moja alikunywa chai amesimama, mguu ukamtetemeka mpaka kikombe kikalia dirishani. Alipoondoka, dada yake alimwambia mumewe kwamba hana ombi lingine hapa duniani: anataka kumwona kaka yake ameketi nyumbani kwake kabla mmoja wao hajatolewa humo amelala. Refa alinihadithia hayo mwenyewe. Nyumba zetu zinatazamana, na mimi ndiye mtu pekee mtaani ambaye bado anasikiliza hadithi mpaka mwisho.

Wiki hiyo hiyo manispaa ikapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu bustani nzima. Nyasi zitang'olewa, lilisema tangazo, na mahali pake patatandazwa vitofali vya saruji, ili pawe pa kisasa. Sarafu kama ipo, itafunikwa milele.

Hapo Refa akapata wazimu. Sina neno lingine, na ulikuwa wazimu mzuri.

Alienda kwa fundi bomba mmoja aliyekuwa anastaafu, mwenye mashine ya kutafutia chuma kilicho chini ya ardhi. Alikuwa akiitumia kujua mabomba ya zamani yamepita wapi. Ina mpini kama wa fagio, sahani ya duara chini, na hedifoni za kusikilizia. Fundi bomba hakutaka fedha. Alitaka taipureta moja, mwanawe anafungua mgahawa na anataka kuiweka rafuni iwe pambo. Pambo, jamani. Refa alimeza mate machungu, akaitia mafuta kwa mara ya mwisho, akaikabidhi kama mtu anayemwoza binti.

Mkewe aliipa ile mashine jina la mke mwenza. "Ameamka naye, amemfuta vumbi, wametoka pamoja," aliwaambia majirani. "Mimi nimebaki na masufuria."

Mtunza bustani, kijana mpole mwenye kofia ya majani, alimruhusu Refa kuchimba, sharti kila shimo lifukiwe na nyasi zirudishwe juu yake. Refa akaanza. Soksi hadi magotini, kaptura ya kaki ya enzi zake, filimbi shingoni kwa mazoea, mwiko wa fundi mwashi mfukoni na mswaki mkuukuu wa kufagilia udongo. Akapunga ile sahani kushoto na kulia juu ya nyasi, taratibu, kama mtu anayempigia pasi mtoto mchanga nguo.

Mwanzoni ilikuwa vizibo. Sikujua kwamba watu wa mji huu wamekunywa soda nyingi namna hiyo. Vizibo, pini za nywele, kijiko, ufunguo, kifungo cha askari, na jino la dhahabu ambalo mtunza bustani alidai kumjua mwenyewe. Wapita njia walimcheka. Lakini Refa alikuwa anajifunza kusikia. Chuma cha kawaida hunguruma, aliniambia, na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara hukohoa, bali sarafu hulia kengele ya baiskeli. Siku aliyosikia kengele ya kwanza, alichimba, akaibua senti yenye tundu katikati, akaiinua juani na kulitazama jua kupitia tundu lake. Kisha yule mzee mwenye heshima zake akacheza. Alizunguka kigingi cha manispaa akirusha miguu, hedifoni zimemkaa upande, na mimi niliyekuwa nimekaa benchi nikijisemea dunia imekwisha, nikajikuta napiga makofi.

Ile ilikuwa fedha, ndugu zangu. Ukiidondosha, nyumba nzima inajua. Fedha ya leo inapita hewani kutoka simu hadi simu, haina mlio, haina uzito, na haitakuja kuchimbwa na mtu yeyote.

Habari ikamfikia Kapteni kwenye kibanda chake cha viatu. Akafunga kibanda mchana kweupe, akaja akichechemea, akasimama mbele ya Refa na mikono kiunoni.

"Shemeji, unatafuta nini?"

"Sarafu."

"Ili uizike upya ikiwa kichwa juu, halafu uniite nije kuona?"

Refa akavua hedifoni. Nilidhani watapigana, wazee wawili wasio na meno ya kutosha kumng'ata mtu. Badala yake Refa akamwambia kwamba kama ana wasiwasi, asimame hapo kila siku na amlinde.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hataliamini. Wote wawili, mashemeji wale, waliokula chumvi nyingi na kulea watoto na kuzika wazazi, waliamini kwamba sarafu ile bado imelala kama ilivyotua. Hawakuwa wameambiana, kila mmoja alikuwa nalo moyoni. Tope lilikuwa zito, alisema Refa, lilimeza sarafu kama uji unavyomeza kijiko. Kweli kabisa, alisema Kapteni, na uji haugeuzi kijiko. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu fainali. Nilitaka kuwakumbusha mashabiki waliorukaruka, na mizizi, na mvua za miaka yote hiyo, lakini niliwaona wanavyotikisa vichwa kwa pamoja, nikanyamaza.

Wakawekeana sheria. Kengele ikilia, wote wapige magoti. Refa achimbe kwa mwiko, afagie kwa mswaki, na sarafu ikionekana, mikono yote iende nyuma mpaka wote wawili waseme ni upande gani uko juu. Asiwepo wa kugusa kabla ya hapo.

Shida ya kwanza ilikuwa kujua katikati ya uwanja ni wapi. Refa alikumbuka lilipokuwa goli la upande wa tangi la maji. Kapteni alikumbuka goli la upande wa geti, maana ndilo alilofunga. Kila mmoja peke yake alikuwa na nusu ya uwanja. Wakasimama, huyu kule na yule huku, wakaanza kutembea kukutana, Kapteni akichechemea na kumtukana Refa kwamba anavuta hatua ndefu makusudi, Refa akimjibu kwamba hata ujanani hakuwa na mbio. Walipogongana vifua, wakaweka mwiko pale chini. Palikuwa karibu na bembea ya watoto.

Basi zikaanza siku ambazo sijaziona tena tangu nilipokuwa na nywele. Kila kengele ilikuwa sherehe. Wazee wanaporomoka magotini, mswaki unakwenda, mikono nyuma. "Kichwa," anasema Refa. "Kichwa," anakiri Kapteni kwa uchungu kana kwamba amefungwa bao, wakati sarafu yenyewe ni ya juzi juzi na haihusiki kabisa. Upande wa pili ukiwa ndio uko juu, Kapteni anampungia mkono mtunza bustani kama aliyeshinda ligi. Mtunza bustani naye akaanza kubashiri. Mama mmoja aliyekuwa akileta mjukuu bembeani akaacha kusukuma bembea, mjukuu akalia, naye akamwambia, "Ngoja kwanza, tunasikiliza kengele."

Kapteni alipoomba hedifoni na kupewa, ndipo bustani nzima ilipovunjika mbavu. Akizivaa hakujisikia mwenyewe, kwa hiyo alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "SHEMEJI, HII NI KIZIBO AU NDIYO YENYEWE?" Refa akamjibu kwa ishara za urefa, mkono juu, mkono chini, kadi isiyokuwepo ikatolewa mfukoni. Walicheka mpaka Kapteni akashika mti. Nilimwona Refa akimfuta udongo magotini shemeji yake kwa mswaki ule ule. Nilitazama pembeni, maana mambo mengine si ya kutazamwa.

Hata hivyo, jioni Kapteni alipopitia kwa dada yake, alisimama zuliani. Chai dirishani. Goti likitetemeka. "Bado sijaonyeshwa sarafu," alisema, na safari hii hakusema kwa ukali. Ilikuwa ahadi yake tu, na watu wa zamani hawakutupa ahadi kwa sababu imewaumiza magoti.

Siku ya mwisho tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa getini na vitofali vimepangwa kama kaburi la tembo. Mtunza bustani alikuwa amewaombea asubuhi hiyo moja kwa msimamizi wa kazi. Walipitisha sahani kila mahali palipobaki, wakapata vizibo. Kapteni akaishiwa maji, akachukua chupa, akaenda bombani nyuma ya choo cha bustani, mahali ambapo huwezi kuona bembea.

Nilikuwa benchini. Nilimwona Refa akisogeza sahani kwenye mguu wa bembea, pale ambapo wote walipaogopa kwa sababu chuma cha bembea kinanguruma na kufunika kila kitu. Akasimama. Akarudisha sahani nyuma kidogo, akasikiliza, akapiga magoti, akachimba polepole, akafagia.

Kisha akaacha kufagia. Akainamisha uso shimoni karibu kuligusa. Akageuka kutazama upande wa bomba. Hapakuwa na mtu. Mtunza bustani alikuwa getini akibembeleza watu wa tingatinga. Akanitazama mimi, nami kwa haya ya ghafla nikajifanya naangalia ndege juu ya waya.

Nilipochungulia tena, Refa alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, mikono nyuma ya mgongo, filimbi mdomoni. Akapuliza. Ilikuwa ile filimbi ndefu ya mwisho wa mchezo, na sijui pumzi ile aliitoa wapi. Mbwa wa bustani akakimbia. Mjukuu wa yule mama akaanguka kwenye bembea mchangani na kusahau kulia. Kapteni akatokea nyuma ya choo akikimbia, nasema akikimbia, na yale magoti yake, chupa ikimmwagikia suruali.

Nami nikakimbia. Sote tukapiga magoti kuzunguka kishimo kile. Udongo ulikuwa umefagiwa vizuri. Ndege alikuwa juu, kijani kwa uzee, mabawa wazi, na chini ya mkia wake, safi kama ya barua ya serikali, herufi R.



"Ndege," alisema Refa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Kapteni akatazama ndege. Akatazama bomba kule nyuma ya choo. Akamtazama Refa, ambaye mikono yake ilikuwa bado mgongoni.

"Umeiona muda gani?"

"Ulipokuwa unajaza maji."

"Ukaijua?"

"Herufi hiyo hapo. Nimeijua."

"Na mimi sikuwepo."

"Hukuwepo."

"Ungeweza kuigeuza, shemeji. Kidole kimoja tu."

Kapteni akatazama tena shimo, midomo ikimchezacheza, nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Kikaanzia tumboni, kikapanda, kikamtoka puani, akajishika mbavu na kukaa kitako kwenye nyasi za manispaa.

"Nyungunyungu," alisema alipoweza kusema. "Nyungunyungu hawajui sheria za mpira. Wameigeuza wao, washenzi hawa." Akafuta machozi kwa mkono wenye udongo. "Siku ile, shemeji, ilikuwa nini?"

"Kichwa."

Kapteni akanyoosha mkono. "Nisaidie kuinuka. Nataka kwenda kukaa."

Tuliwaacha watu wa tingatinga na kazi yao. Dada mtu alikuwa jikoni tulipoingia. Kapteni alivuka zulia kana kwamba halikuwahi kuwepo, akasimama mbele ya kiti. Juu yake kulikuwa na mashati ya Refa yaliyopigwa pasi. Dada yake akatoka, akaona. Akayabeba yale mashati yote kifuani, akarudi nayo jikoni ambako hayakuwa na kazi, na tukasikia vikombe vikigongana kuliko kawaida.

Kapteni akakaa. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Dada, kiti chako ni kigumu."

"Umekikwepa maisha yako yote," sauti ikajibu kutoka jikoni, "leo unataka na mto?"

Chai ikaja, na mto ukaja pia. Ndipo likazuka swali la nani abaki na sarafu. Refa alisema ni ya Kapteni, ameisubiri sana. Kapteni alisema ni ya Refa, ina herufi yake. Wakabishana kwa heshima mpaka heshima ikaanza kuwa kelele. Mwishowe Refa akasema iamuliwe kwa sheria, akasimama katikati ya sebule, kati ya taipureta zake.

"Ndege," aliita Kapteni kutoka kitini.

Sarafu ikapaa mpaka karibu na taa, ikashuka, ikadunda ukingoni mwa meza, ikabingirika chini ya kabati la vyombo. Refa akalala kifudifudi kwenye sakafu, kichwa kikaingia uvunguni, miguu yake yenye soksi ndefu ikabaki nje. Nikasogea nami nichungulie. Kapteni akanishika shati akanirudisha.

"Mwache," alisema. "Refa yupo."

Tukangoja. Uvunguni mlikuwa na giza na vumbi, na mtu mmoja tu aliyeweza kuona.

"Kichwa, shemeji," ikatoka sauti chini ya kabati.

Kapteni akapuliza chai yake, akanywa, akaegemea mto.

"Haya," alisema. "Kichwa."